Kukagua na Kubadilisha Krosi za Propela kwenye Hiace ya Zamani
Toyota Hiace ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma hupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma) kwa propela, yaani mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari, na krosi zake (viungo vya umbo la msalaba vinavyoiruhusu ijipinde) zikilika, utasikia mgongano wa chuma unapoachia klachi au kuingiza rivasi. Weka kabari kwenye magurudumu, egemeza gari juu ya stendi, kisha tikisa propela kwa mkono: krosi ikicheza, hata kidogo, imekwisha. Vumbi jekundu la kutu kandokando ya vikombe vya beringi vilivyo kwenye ncha za krosi ni ushahidi kwamba grisi ilikauka zamani.

Kabla ya kufungua boliti, tia alama za rangi kwenye flanji zote mbili (bamba zinazofungwa pamoja kwa boliti), kwa sababu propela ikirudishwa vingine inaweza kutetemesha gari zima. Toa klipu zinazozuia vikombe visitoke, kisha sukuma vikombe kwa jiliwa na soketi. Nyundo, ingawa mafundi wengi huipenda, huweza kupinda masikio ya propela yanayoshika krosi. Unapofunga krosi mpya, sindano moja ya beringi ikiangukia ndani ya kikombe, klipu haitaingia kwenye mfereji wake. Usilazimishe, bali toa kikombe uzipange sindano upya kwa grisi. Krosi yenye nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi) ipigwe grisi mpaka ichomoze kwenye sili zote nne.