Kuchagua kamshafti ya pikipiki ya safari: angalia valvu inafunga lini

Kamshafti, ule mhimili unaofungua na kufunga valvu za injini, ya kwanza niliyoiweka kwenye pikipiki yangu niliichagua kwa namba moja tu, ile ya nguvu ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye katalogi. Pikipiki yangu ni Harley-Davidson Electra Glide ya 2009, injini Twin Cam 96, yenye kamshafti mbili. Jumapili hiyo nikampakia mke wangu, masanduku yamejaa, tukashuka Naivasha. Wakati wa kurudi, tukipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori, nikapata nafasi ya kulipita. Nikafungua mafuta, pikipiki ikajikokota. Matatu ikatokea mbele, nikarudi nyuma ya lori. Mke wangu alinikaza kiuno bila kusema neno mpaka Rironi. Wiki iliyofuata kamshafti ile ilikuwa mezani.

Siku hizi mtu akija kwangu Industrial Area kuuliza kamshafti, namuuliza kwanza injini yake huzunguka kiasi gani safarini. Mombasa Road, kilomita 100 kwa saa, gia ya sita, yangu inazunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Kamshafti inayoamka kwenye 4,000 utaifaidi mara ngapi kati ya Mlolongo na Mtito Andei?

Kwenye karatasi ya kamshafti, tafuta nyuzi (za mzunguko wa injini) ambazo valvu ya kuingiza hewa inafunga baada ya pistoni kufika chini kabisa. Hapo ndipo siri ilipo. Pistoni inaanza kupanda na valvu bado iko wazi. Injini ikienda polepole, valvu inayochelewa kufunga inaacha pistoni isukume sehemu ya hewa na petroli kurudi ilikotoka, na kompresheni, yaani mbano wa hewa na petroli ndani ya silinda, inashuka. Injini ikikimbia, hewa inaingia kwa kasi na kuendelea kujaza silinda, kwa hiyo kuchelewa huko kunaleta faida. Pikipiki ya zaidi ya kilo 350, abiria juu yake, inaishi huku kwenye mizunguko ya chini.

Na sisi tuko juu, karibu mita 1,700. Hewa ya Nairobi ina shinikizo pungufu kwa kama asilimia 18 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo silinda inakosa hewa hata kabla hujagusa kitu. Usichague kwa sifa za mwendeshaji wa pwani ya Marekani. Kwa kompresheni ya kiwandani ya 9.2 kwa 1, mimi sivuki nyuzi 35, zikipimwa valvu ikiwa imeinuka inchi 0.053, kipimo ambacho katalogi nyingi za Harley hutumia. Ninayoendesha sasa inafunga kwenye 30. Zinazofunga baada ya 40 waachie waliobadilisha pistoni ili kuongeza kompresheni.

Kimo cha kuinua valvu watu hukishabikia sana. Springi za kiwandani za Twin Cam kuanzia 2005 kwa kawaida zinahimili hadi inchi 0.510, zaidi ya hapo, nunua springi.

Bajeti isiishie kwenye kamshafti. Ukishafungua, badilisha beringi za ndani na tapeti (vipande vinavyopokea msukumo wa kamshafti kuelekea valvu), hata kama zinaonekana nzima. Kwenye Twin Cam za touring, yaani pikipiki za safari, za kabla ya 2007, kagua viatu vya plastiki vinavyokaza cheni za kamshafti: vikilika, vipande vyake vinaingia kwenye njia za oili. Milwaukee-Eight, injini ya Harley iliyofuata, iliyoanza kwa touring za 2017, ina kamshafti moja tu, kwa hiyo usiagize jozi.

Mwisho kompyuta ya injini irekebishwe upya ilingane na kamshafti mpya. Usikubali fundi akwambie itajizoesha yenyewe.

Ukijaribu, jaribu ukiwa na mzigo wa safari: gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, mlimani, fungua mafuta taratibu. Sikiliza kama kuna mlio wa kokoto zikitikiswa ndani ya mkebe: ndiyo injini kugonga, petroli ikiwaka vibaya ndani ya silinda. Kamshafti inayofunga mapema huongeza shinikizo la silinda, na iliyotulia Nairobi inaweza kugonga ukishuka kwenye hewa nzito na joto la Voi. Ukiusikia mlio huo huko, punguza mafuta na ushushe gia papo hapo, kisha ukirudi mwambie fundi arudishe moto nyuma kidogo, yaani cheche ya plagi ichelewe kidogo.