Kabla hujapeleka maji kwenye mstari wa wapiga kura

Uchaguzi mkuu wetu umezoeleka kufanyika Oktoba, mwezi ambao Tabora jua linachoma na mvua bado zinasubiriwa. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi, na wazee wa Isevya na Ng'ambo wanakuwa wameshajipanga. Kuwapelekea maji ni jambo jema, ila lina mambo yake.

La kwanza, na ndilo zito: pesa ya maji imetoka kwa nani? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kutoa takrima, yaani ukarimu wa kimila. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikabatilishwa. Nani angeweza kuonyesha ukarimu unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi? Basi chupa iliyonunuliwa na mgombea au kada wake inaweza kuhesabiwa rushwa, na atakayekutwa anagawa ni wewe. Changishaneni wenyewe mtaani, muandike nani katoa nini. Anywe kila aliye mstarini, bila kuangalia sura.

Fulana, kofia na khanga za chama zibaki nyumbani. Kampeni zinakuwa zimekwisha, na sheria imekuwa ikikataza alama za vyama ndani ya mita 200 za kituo. Usimuulize mtu atampa nani kura, hata kwa utani wa Wanyamwezi.

Msimamizi wa kituo aelezwe mapema. Mimi ningependekeza ndoo yenye bomba chini ya mwembe, vikombe vya kutupa, na kila mtu ajichotee. Kule Georgia, Marekani, sheria ya 2021 inakataza kumgawia mpiga kura chakula au maji ndani ya futi 150 za jengo la kupigia kura, lakini maofisa wanaweza kuweka maji ya kujichotea. Marufuku yao tuwaachie wenyewe. Hilo la kujichotea linapunguza maneno.

Wazee, wagonjwa, wajawazito, wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu hupewa kipaumbele. Ukimwona bibi amesimama juani, kumtaarifu karani mwongozaji kutamfaa kuliko kikombe chako. Asiyeona anaweza kuingia na msaidizi aliyemchagua mwenyewe, asiwe msimamizi wala wakala wa chama. Usijipeleke mbele, subiri uitwe.

Saa 10:00 jioni kituo kinafungwa, ila aliyekwisha kuwa mstarini anapiga kura. Mlinzi husimama nyuma ya mtu wa mwisho, na anayekuja baadaye haruhusiwi kujiunga. Wakumbushe watu hilo kuanzia saa 9:00, maana kuna wanaokata tamaa wakaondoka. Ikishapita saa 10:00, mwenye kiu mpelekee kikombe palepale aliposimama, asije akatoka kufuata ndoo akahesabiwa kachelewa.