Kubadilisha mipira ya vakyum kwenye Corolla 100 na 110: angalia ndani ya mpira kabla ya kuutupa

Maelezo haya ya mipira ya vakyum (mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini) ni ya injini ya 5A-FE, ila Toyota nyingi za petroli za miaka ya 1990 hazitofautiani nayo sana. Mpira uliokaa miaka 25 kwenye joto la boneti unakauka. Ukiubana kwa vidole haubonyei, na pale unapovaa kwenye mdomo wa bomba una nyufa za kuzunguka.

Injini hii inakadiria hewa kwa sensa ya MAP, inayopima shinikizo ndani ya manifoldi ya hewa. Kwa hiyo hewa ikiingia nyuma ya throto, sensa inaiona na kompyuta inaongeza petroli. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda, au inapanda na kushuka kama mtu anayehema: kompyuta inakata mafuta mzunguko ukizidi, ukishuka inarudisha. Lakini ukipasuka mpira wa sensa yenyewe, mambo ni mengine. Kompyuta inadhani gari limebeba mzigo mzito, inamwaga petroli, moshi mweusi unatoka na tanki linakauka mapema. Nozeli nyingi zimesafishwa bure kwa kosa la mpira wa sentimita 20.

Vya kununua

Kariakoo (Dar) au Grogan (Nairobi) utauziwa kwa mita. Chukua mita 3 za mpira mweusi wenye tundu la mm 3.5, mita 1 ya mm 6, na mita 1 ya mm 8 wa petroli kwa ajili ya kanista ya mkaa, ile inayonasa mvuke wa petroli. Mpira wa PCV (valvu inayorudisha mvuke wa oili ndani ya injini) umepinda kiwandani, kwa hiyo nunua uliopinda hivyohivyo. Ulionyooka ukiukunja unajibana katikati.

Silikoni ya bluu ni nzuri kwa macho, na kwenye sensa ya MAP haina tatizo. Kwenye PCV na kanista usiiweke: oili na mvuke wa petroli vinaivimbisha mpaka inalegea. Mpira wa dripu na ule wa maji ya kioo usiingie kabisa chini ya boneti. Joto linaulainisha na vakyum inaufyonza ukajibana.

1. Pima

Usipime ncha ya mpira wa zamani, imeshatanuka. Kata katikati, kisha chomeka upande laini wa biti za drili mpaka upate inayoingia bila kulegea.

2. Piga picha

Piga kila upande, na upige pia stika iliyo chini ya boneti. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, mchoro wa mipira unasomeka.

3. Toa mmoja, vaa mmoja

Using'oe yote kwa pamoja. Mipira inafanana, milango haifanani. Kwenye throto kuna mlango ulio nyuma ya kipepeo, wenye vakyum muda wote, na kuna ulio juu yake kidogo, ambao hauna kitu mpaka ukanyage mafuta. Kwa gari lenye EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), ukipishanisha mipira ya milango hiyo miwili valvu ya EGR inafunguka kwenye sailensa, moshi unarudi ndani, injini inatikisika na kuzima ukisimama kwenye taa. Utahangaika na plagi wakati kosa ni mpira uliopishana.

Usivute. Zungusha mpira kwanza. Ukikataa, upasue kwa urefu kwa wembe, bila kukwaruza mdomo wa bomba. Midomo ya valvu za umeme ni ya plastiki, imezeeka kama mipira, na ikivunjika unanunua valvu nzima. Imwagie maji ya moto kwanza.

Sasa sehemu inayokula siku nzima. Kabla ya kutupa mpira wowote, utazame ndani ukielekeza kwenye mwanga, kisha uupapase wote kwa vidole. Baadhi ya mipira ina kijiti kifupi cha shaba au plastiki chenye tundu dogo kama la sindano. Kwa nje huoni kitu. Unahisi tu pagumu kidogo. Kazi yake ni kupunguza kasi ya hewa. Ukikitupa pamoja na mpira, kifaa kilichopaswa kufunguka taratibu kinafunguka kwa kishindo, na vakyum utakayopima itaonekana haina kasoro. Kikamue, kisafishe kwa petroli, kirudishe mahali palepale na upande uleule. Kama mipira imeshakwenda jalalani, irudie jalala.

Kwenye mpira wa MAP utakuta kichujio kidogo cha plastiki. Nacho kina upande wake, na kikiziba injini inachelewa kuitika ukikanyaga.

Angalia pia unyevu, maana mpira unasema mengi:
– Petroli ndani ya mpira wa regyuleta ya mafuta: kiwambo cha regyuleta kimetoboka. Mpira mpya hautasaidia.
– Oili ya stelingi ndani ya mipira miwili inayotoka kwenye pampu yake: kivalvu cha pampu kinavuja na injini inainywa. Ndiyo maana oili inapungua bila tone chini, na gari linatoa moshi mweupe.

4. Vaa

Lowesha ncha kwa maji ya sabuni, isukume sentimita 1.5 hivi. Usitumie grisi wala gundi ya silikoni. Kipande kimoja kikifyonzwa kinaziba valvu.

5. Busta ya breki

Hapa tumia mpira wa busta pekee, wenye nyuzi ndani. Mshale wa valvu yake uelekee kwenye injini.

6. Pima tena

Nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa sailensa, kisha usikilize kama sauti inabadilika. Kisafisha kabureta kinafanya kazi hiyo pia, ila juu ya manifoldi ya moshi yenye moto kinawaka.

Geji ya vakyum isome inchi 17 hadi 21 za zebaki, sindano ikiwa imetulia. Hiyo ni Dar au Mombasa. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza karibu inchi 1, kwa hiyo Nairobi ukisoma 14 usianze kutafuta uvujaji usiokuwepo.

Toa fyuzi ya EFI kwa dakika moja, irudishe, uiache injini ipate moto. Mwisho zima, kanyaga breki mara tano, ubaki umeikanyaga, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inapata vakyum. Isiposhuka, gari lisitoke gereji.