Kuchagua Mashine Ndogo ya Peleti kwa Kuanzia na Malighafi

Mnunuzi wa mashine ya peleti, yaani vipande vidogo vilivyoshindiliwa vya chakula cha mifugo au vya kuni, kwa kawaida huulizwa kwanza anataka ya kilo ngapi kwa saa, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni atatia nini ndani yake. Mfugaji wa kuku wa Singida mwenye mashudu ya alizeti na pumba za mahindi, na mwenye kiwanda kidogo cha mbao Mafinga ambaye vumbi la paini limemjazia uwanja, wana mahitaji tofauti kabisa, hata kama wote wawili wanataka kilo 150 kwa saa.

Ndani ya mashine ndogo nyingi, rola za chuma hukandamiza malighafi juu ya sahani bapa yenye matundu na kuilazimisha ipite. Msuguano huzaa joto, na joto hilo hulainisha kitu kinachoshikanisha peleti: katika chakula cha mifugo ni wanga unaosaidiwa na unyevu, na katika mbao ni lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti. Kwa hiyo sahani ndiyo moyo wa uchaguzi wote. Gawanya unene wake kwa kipenyo cha tundu; sahani ya milimita 30 yenye matundu ya milimita 6 ina uwiano wa 5 kwa 1, na kadiri uwiano unavyokuwa mkubwa ndivyo tundu linavyobana zaidi. Mashudu yenye mafuta mengi huteleza, hivyo yakipita katika matundu mafupi hutoka yakimeguka, wakati mbao ngumu kama mkaratusi husuguana sana na chuma na huziba matundu ambayo paini ingepita bila shida. Muuzaji asiyeweza kukutajia unene wa sahani anayokuuzia hajui mashine yake inafaa kazi gani, na ningemwacha.

Kipenyo hufuata mlaji. Kuku wakubwa na sungura hutosheka na milimita 3 hadi 4, ng'ombe na mbuzi 6 hadi 8, na peleti za kuni hutengenezwa kwa milimita 6 au 8. Kwa wafugaji wa samaki nina onyo: mashine hizi hutoa chakula kinachozama. Chakula kinachoelea huhitaji ekstruda, ambayo huumua unga kwa joto na shinikizo, na inaniuma kuona mfugaji wa sato akitumia akiba yake kununua mashine isiyoweza kumpa alichokusudia.

Kwa chakula cha mifugo, mashine ambayo sahani yake huzunguka na rola zikabaki mahali pake inatosha, na ni nafuu. Kwa mbao chagua ile ambayo rola ndizo zinazozunguka, yenye mota ya kilowati 7.5 au zaidi, yaani takribani nguvu za farasi 10. Hapo utahitaji umeme wa njia tatu au injini ya dizeli, gharama ambayo wengi huikumbuka baada ya kulipia mashine.

Maganda ya mpunga, ambayo Mbarali na Kilombero huonekana kama mali ya bure, yana silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, inayokula sahani na rola kama msasa. Usiyachanganye na pumba laini za mpunga, ambazo ni chakula kizuri cha mifugo. Ukiamua kuyatumia maganda, yasage kwanza, kisha uingize bei ya sahani za akiba katika hesabu ya kila gunia.

Unyevu nao upimwe. Weka gramu 100 za malighafi katika oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kupungua. Zikibaki gramu 88, unyevu ni asilimia 12, unaofaa vumbi la mbao. Mchanganyiko wa chakula huhitaji zaidi kidogo, karibu asilimia 15.

Kabla ya kulipa, peleka gunia la malighafi yako mwenyewe na uombe iendeshwe mbele yako kwa saa nzima, kwa kuwa mashine baridi na mashine iliyopata moto hazitoi peleti zinazofanana. Peleti zikishapoa, zitikise katika chekecheo na upime unga uliodondoka. Mwisho, omba mashine izimwe na kuwashwa tena: sahani ambayo haikusukumiwa pumba zenye mafuta kabla ya kuzimwa hugandiwa matunduni, na fundi anayeijua kazi yake atazisukuma pumba hizo bila kukumbushwa.