Audhu na Bismillahi: Namna ya Kuanza Kisomo cha Qurani

Kisomo hufunguliwa kwa istiadha, kisha basmala, yaani *Bismillahi r-Rahmani r-Rahim*. Tofauti ya hadhi yao ndiyo inayoamua hukumu karibu zote. Istiadha, yaani *A'udhu billahi mina sh-shaitani r-rajim*, si aya wala haimo msahafuni. Tunaisoma kwa kuwa An-Nahl, aya ya 98, imeamrisha kujikinga kabla ya kusoma. Basmala imeandikwa mwanzoni mwa sura 113 kati ya 114, At-Tawba ikiwa pekee isiyo nayo. Imo tena ndani ya An-Naml, aya ya 30, kwenye barua ya Nabii Suleiman kwa malkia wa Sabaa.

Anza na ulimi. *A'udhu* ina herufi dhali: ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya juu. Ukiifanya dali unapata *a'udu*, "narejea", na maana ya kujikinga imepotea. Katika *billahi* na *bismillahi* lamu ya jina la Allah ni nyepesi kwa sababu imetanguliwa na kasra (irabu ya "i"). Wengi huinenepesha kwa mazoea ya *Allahu akbar*. Ra ya *Rahman* na *Rahim* ni nene. Ha yao hutoka katikati ya koo, si ile ha laini ya "haya" au "hapa". *Rahman* huvutwa harakati mbili (harakati moja ni muda wa irabu fupi), na *Rahim* ukisimama juu yake una hiari ya mbili, nne au sita. Ukichagua nne, baki na nne kisomo chote.

Sasa maana. Ba ya *bismi* inaning'inia kwenye kitendo kisichotajwa: "[nasoma] kwa jina la Allah". Anayekula naye anakusudia "nakula", ndiyo maana maneno hayohayo yanafaa kwa kila jambo. *Rahman* na *Rahim* zina mzizi mmoja, lakini si neno moja lililorudiwa. Rahman ni wingi na upana wa rehema, jina asiloitwa kiumbe. Rahim ni rehema inayomfikia anayerehemewa, na sifa hiyo Mtume amepewa katika At-Tawba, aya ya 128. *Rajim* ni aliyefukuzwa kwenye rehema.

Ukianza sura, istiadha, basmala na aya ya kwanza unaweza kuzitenga zote (kusimama baada ya kila moja), kuziunga zote, au kuunga mbili zozote zinazofuatana. Kati ya sura na sura, hiari hupungua hadi tatu: tenga zote, simama mwisho wa sura kisha unga basmala na sura mpya, au unga zote (*kufuwan ahadum-bismillahi...*, nuni ya tanwini, yaani sauti ya "n" mwishoni mwa *ahadun*, ikigeuka mimu mbele ya ba). Iliyokatazwa ni kuunga mwisho wa sura na basmala kisha kusimama, kwa sababu msikilizaji atadhani basmala ni ya sura iliyokwisha.

Kutoka Al-Anfal kuingia At-Tawba hakuna basmala: simama, au nyamaza kidogo bila kuvuta pumzi, au unga moja kwa moja.

Ukianzia katikati ya sura, istiadha inabaki na basmala ni hiari. Hapo jihadhari na aya inayoanza kwa jina la Allah, kama Ayatul Kursiyyi. Ukiiunga na istiadha bila basmala, *rajim* inakaa ubavuni mwa jina hilo, jambo lisilopendeza kabisa. Simama kwanza, au ingiza basmala.

Katika Al-Fatiha, basmala ni aya ya kwanza kwa hesabu ya aya ya wanazuoni wa Kufa na Makka. Wasioihesabu huigawa aya ya mwisho penye *an'amta alaihim*, saba zikabaki saba. Kwa upande wa madhehebu, Mashafii huisoma kwa sauti katika sala za sauti, Mahanafi na Mahanbali kwa siri.

Kikohozi au chafya ikikukatiza, endelea. Ukizungumza jambo la nje ya kisomo, rudia istiadha.