Somo: Kuhamisha laini kwenye simu mpya bila kupoteza namba za watu

Asalaam aleikum. Wiki hii nimeletewa simu tatu hapa Langoni, zote za kutoka Dubai, na kilio ni kimoja: laini imeingia, majina hayapo. Kwa hiyo kadi tuiwache kwanza.

1. Namba. Simu za siku hizi huweka majina kwenye simu yenyewe au akaunti ya Google. Laini hubeba majina kama 250 tu. Kwenye simu ya zamani, hamishia majina yote kwenye akaunti ya Google, kisha uingie na akaunti hiyohiyo kwenye simu mpya. WhatsApp nayo ifanyie nakala mapema.

2. Zima simu zote mbili, ufute mikono. Chumvi ya upepo wa bahari huku haitaki mchezo.

3. Toa kisahani cha laini, kile kinachobeba kadi, kwa kusukuma pini kwenye kitundu chake. Hapa ndipo watu huharibu. Ubavuni mwa simu huweza kuwa na vitundu viwili: cha laini kiko ndani ya ule mstari wa kisahani, kingine ni maikrofoni. Mpwa wangu alichoma sindano ya kushonea kofia kwenye maikrofoni. Tangu hapo akipiga simu ni kama yumo mtungini.

4. Weka kadi, kona iliyokatwa ifuate kona ya kisahani. Simu mpya nyingi hutaka nano, ile kadi ndogo kabisa, milimita 12.3 kwa 8.8. Yako ikiwa kubwa, usiikate kwa mkasi; nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho, upewe ndogo kwa namba ileile.

5. Washa, piga simu moja. Intaneti ikigoma, tazama APN, lile jina la njia ya intaneti ya mtandao wako, kwenye mipangilio ya simu. Ya Safaricom ni neno safaricom. M-Pesa piga *334#, PIN ni ileile. Pesa hazikai kwenye simu.

Maswali

Fundi, nimeweka laini, simu inaniomba PUK. Nibahatishe?
La, dada! Umekosea PIN ya laini mara tatu, ndiyo maana inataka PUK, namba ya kuifungulia. PUK ukiikosea mara kumi, kadi imekufa. Tafuta lile kadi kubwa la plastiki laini ilimotolewa, huwa imeandikwa hapo.

Kaka amenitumia iPhone 14 kutoka Marekani, nimeizungusha yote sioni tundu la laini.
Halipo. Zilizouzwa Marekani tangu toleo hilo la 2022 zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyomo ndani ya simu, isiyo na kadi, kwa hiyo mtandao wako ndio wa kukubadilishia. Lakini muulize kaka kwanza kama amemaliza kuilipia. Simu za mkopo za kule mara nyingi hufungwa kwa kampuni iliyoziuza, na mimi siwezi kuifungua kwa sindano.

Na hizi za dukani nitajuaje hazikufungwa?
Nenda na laini yako, itie kabla hujatoa pesa, upige simu. Ukiona inadai namba ya siri ya kufungulia mtandao, mrudishie mwenyewe. Akikwambia "itafunguka tu ukifika nyumbani", salimia uondoke.