Kutoka Schiphol hadi kitandani: namna ya kufika Amsterdam na kuizunguka

Mwongozo huu ni wa mtu anayetua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kwa mara ya kwanza akitokea Nairobi, Dar es Salaam, Kilimanjaro au Entebbe, ana viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na siku chache za kukaa. Mimi naishi huku na wageni hunipitia kila msimu. Maswali yao ni yaleyale: nauli nalipaje, nipande treni ipi, na yule wa baiskeli kanifokea kwa nini. Jiji lenyewe ni dogo. Ukijua kutumia kadi yako na kujua sehemu ya kutembea, mengine yatakunyookea.

Hatua ya 1: Kabla ya kufunga begi

Anza na kadi ya benki. Iwe ya plastiki, Visa au Mastercard, yenye alama ya vimawimbi vinavyoonyesha kwamba inagusishwa bila kuchomekwa. Piga simu benki uwaombe wafungue malipo ya nje ya nchi, kwa sababu benki nyingi za kwetu huyafunga mpaka mteja aombe. Mkisafiri wawili, kila mmoja awe na kadi yake. Kwenye treni na tramu kadi moja haibebi watu wawili. Na usitegemee kwamba utapata wakala wa M-Pesa mtaani, huku hakuna.

Chaja zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za huku, ambazo ni za matundu mawili ya duara. Umeme wa huku ni wa volti 230, karibu sawa na wetu, kwa hiyo unachohitaji ni adapta tu. Inunue nyumbani, uwanja wa ndege watakukamua.

Kisha pekua zawadi. Shangazi akisikia unakwenda Ulaya atakufungia kila kitu, na si kila kitu kinaingia. Nyama ya aina yoyote ni marufuku, hata ikiwa imekaushwa, pamoja na maziwa, samli na jibini. Samaki wakavu na dagaa wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako mwenyewe, na asali hadi kilo 2. Matunda ndiyo huwashangaza wengi: embe, pasheni na parachichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani hupita bila cheti chochote. Naam, hata duriani na harufu yake kali, ingawa shirika la ndege na jirani yako wa kiti huenda wakawa na maoni tofauti.

Miraa usithubutu. Uholanzi imeipiga marufuku tangu 2013. Kabla ya hapo mizigo ya kutoka Kenya ilikuwa ikishuka Schiphol waziwazi, ndiyo maana bado utakutana na mzee wa kukuambia haina shida. Ina shida.

Hatua ya 2: Dirisha la uhamiaji

Ndege nyingi za moja kwa moja kutoka kwetu husafiri usiku na kutua asubuhi, saa ambayo foleni ya pasipoti inaweza kuwa ndefu. Fuata mabango ya njano ya "Arrivals", kisha jipange kwenye mstari wa pasipoti zote, si ule wa Umoja wa Ulaya.

Watakaokuhoji ni askari wa Koninklijke Marechaussee, polisi wa kijeshi wanaolinda mipaka ya Uholanzi, na wana haki ya kukuuliza hata kama viza imeshabandikwa kwenye pasipoti. Viza inakufikisha dirishani. Anayekuruhusu kuingia ni yule aliyekaa nyuma ya kioo. Maswali ni mafupi: umekuja kufanya nini, utalala wapi, utakaa siku ngapi, utarudi lini, una pesa kiasi gani. Jibu lililoulizwa, uishie hapo. Nimeona watu wanaanza kusimulia historia ya ukoo mzima, na kila sentensi inazaa swali jingine.

Yafuatayo yachapishe kwenye karatasi, uyaweke kwenye begi la mkononi: tiketi ya kurudi, uthibitisho wa hoteli au barua ya mwaliko ya mwenyeji wako, bima ya safari (kwa viza ya Schengen iwe ya angalau euro 30,000) na taarifa ya benki. Usitegemee simu. Baada ya safari ya usiku kucha huenda ikawa imezima chaji, na barua pepe haifunguki bila intaneti.

Jambo jipya ni mfumo unaoitwa EES, ulioanza 12 Oktoba 2025 na kupangwa kuenea mipaka yote ya nje ya Schengen kufikia Aprili 2026. Badala ya muhuri, kompyuta ndiyo inayoandika siku uliyoingia na siku uliyotoka, ikitumia picha ya uso na alama za vidole. Zile hesabu za mtu kupekua mihuri, siku 90 ndani ya kila siku 180, sasa zinafanywa na mashine. Siku zako zilizoandikwa kwenye viza zikiwa 15, basi ni 15.

Kama unapitia Paris au Frankfurt, maswali haya yote utayajibu huko, maana ndiko unakoingilia Schengen. Ukipitia Doha, Addis Ababa au Istanbul, utayajibu Schiphol.

Hatua ya 3: Treni ya kuingia mjini

Hii ndiyo sehemu ambayo Amsterdam inaizidi miji mingi: stesheni ya treni iko chini ya uwanja wenyewe. Ukishachukua mzigo na kupita forodha, unatokea kwenye ukumbi mkubwa unaoitwa Schiphol Plaza, na ngazi za umeme za kushuka kwenye majukwaa ziko humohumo. Atakayekufuata ndani ya ukumbi akikunong'oneza "taxi", mpite. Teksi halali hungoja nje kwenye foleni yao, na Uber na Bolt zipo pia, ila kwa msafiri mmoja mwenye begi moja treni ni rahisi zaidi kwa mbali.

Huhitaji kununua tiketi. Kabla ya kushuka utaona nguzo au mageti yenye kisomeo cha kadi. Bandika kadi yako hapo, itulie kidogo mpaka usikie mlio na kuona taa ya kijani, kisha ondoka. Ukifika unakokwenda, bandika tena kadi ileile. Nasisitiza ileile: ukiingia na kadi ya plastiki na kutoka na simu iliyowekewa kadi hiyohiyo, mfumo unahesabu vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina safari isiyokamilika. Ukisahau kugusisha wakati wa kutoka kwenye treni, unakatwa nauli ya adhabu ya euro 20 badala ya nauli halisi, ambayo mpaka Amsterdam Centraal, stesheni kuu ya jiji, ni kama euro 6. Ukigundua mapema, unaweza kuomba marekebisho kupitia OVpay, mfumo unaoendesha malipo haya.

Asiye na kadi ya kugusisha anunue tiketi kwenye mashine za njano na buluu. Mashine hizo hazili noti.

Sasa angalia ubao. Usikimbilie treni yoyote iliyoandikwa Amsterdam. Unayoitaka ni yenye jina "Amsterdam Centraal". Treni zinazopita "Amsterdam Zuid" huelekea upande mwingine wa jiji na nyingi huendelea Utrecht au Almere. Ukizipanda kwa kubahatisha utajikuta unatazama ng'ombe. Zuid si mahali pabaya lakini: kama hoteli yako iko mtaa wa De Pijp, shuka Zuid kwa makusudi, panda metro namba 52, na utakuwa umeikwepa kabisa msongamano wa Centraal. Na wanaolala karibu na viwanja vya Museumplein au Leidseplein watazame basi namba 397, linaloondokea nje ya uwanja na kufika huko kwa kama nusu saa.

Safari ya Centraal ni robo saa hivi. Saa za ubaoni ni za mtindo wa saa 24: 07:42 ni saa moja na dakika 42 asubuhi. Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi, na saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Ndani ya behewa shikilia begi la mkononi kwenye mapaja. Wezi wa njia hii hupenda dakika ile milango inapotaka kufungwa.

Hatua ya 4: Hoteli na zile ngazi

Hoteli nyingi hutoa chumba kuanzia 15:00, yaani saa tisa alasiri, na wewe umefika saa mbili asubuhi. Waandikie mapema uombe kuacha mzigo. Kwa kawaida hawakatai. Zipo pia kabati za kukodi Amsterdam Centraal.

Swali la pili la kuwauliza ni hili: kuna lifti? Nyumba za zamani za katikati ya jiji ni nyembamba na ndefu, na ngazi zake zimesimama wima kiasi kwamba mguu mzima haukanyagi, unapanda kwa vidole huku umeshika kamba au mhimili wa pembeni. Ukitazama juu ya nyumba hizo utaona boriti yenye ndoano imechomoza chini ya paa. Ndiyo wanayofungia kapi na kamba kupandishia makochi na makabati, yakaingizwa kwa dirishani, maana ngazi haziyapitishi. Hebu fikiria sanduku lako la kilo 23 hapo. Mwenye mama mzee asikubali ghorofa ya tatu bila lifti, hata bei iwe tamu vipi.

Hatua ya 5: Kuzunguka jijini

Tramu, metro na mabasi ya jiji ni ya GVB, kampuni ya usafiri wa jiji, nayo hulipiwa kwa mtindo uleule: gusisha unapopanda, gusisha unaposhuka, hata kwenye tramu. Pesa taslimu hazipokelewi ndani ya vyombo. Nauli inafuata umbali, kwa hiyo safari fupi ya katikati haifiki hata euro mbili na nusu. Ukibadilisha chombo ndani ya dakika 35, hulipi tena kianzio, yaani ile sehemu ya nauli inayokatwa unapoanza safari.

Ndiyo maana sioni faida ya tiketi ya siku nzima kwa anayelala katikati. Utatembea kwa miguu zaidi ya unavyodhani. Tiketi ya siku inamfaa aliye mbali, mathalani vitongoji vya Zuidoost au Noord, atakayepanda na kushuka mara nyingi.

Angalizo moja la Centraal: treni ni za NS, kampuni ya reli, metro ni za GVB, na kila mmoja ana mageti yake. Ukitoka treni kwenda metro, toka kwanza kwa geti la NS, kisha ingia kwa la GVB. Anayeunganisha bila kutoka ndiye anayekuja kulalamikia makato.

Nyuma ya Centraal kuna vivuko vya kwenda Amsterdam Noord. Ni vya bure, hakuna cha kugusisha, na cha Buiksloterweg hufanya kazi usiku na mchana. Mtu wa Kigamboni au Likoni atajisikia nyumbani, isipokuwa hakuna anayesukumana.

Kuhusu baiskeli: njia zao mara nyingi ni za lami nyekundu, sambamba na njia ya miguu. Usisimame hapo kupiga picha, usiburute sanduku hapo. Kabla ya kuvuka tazama pande zote mbili, kisha tazama tena, maana baiskeli haingurumi na za umeme nazo zimo. Ukisikia kengele usirukeruke; simama ulipo, mwendeshaji atakukwepa. Na usikodi baiskeli siku ya kwanza. Ukitaka sana, izoee kwanza ndani ya bustani ya Vondelpark.

Mitaa ya mifereji inapotosha kwa sababu imejipinda kama nusu duara: Singel, Herengracht, Keizersgracht, Prinsengracht, kutoka ndani kwenda nje. Namba za nyumba huanzia upande wa Brouwersgracht na kupanda kuelekea mto Amstel. Ukiijua hiyo, hata simu ikizima utajua unakaribia au unapotea.

Hatua ya 6: Kula na kulipa

Maduka mengi yameandika "Alleen pinnen", maana yake kadi tu. Weka akiba ya noti ndogo kidogo kwa ajili ya sokoni. Mashine ya ATM ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Kile kiwango chao cha kubadilisha ni cha kukunyonya. Maji ya bomba ni salama, beba chupa ujaze. Choo cha stesheni ni cha kulipia.

Ukitaka kahawa, ingia café. Palipoandikwa "coffeeshop" panauzwa bangi.

Chakula cha katikati ni ghali na mara nyingi hakina ladha ya kukumbukwa. Tafuta mgahawa wa Wasurinamu, watu wa Suriname, koloni la zamani la Uholanzi: roti na kuku wa mchuzi wa binzari, viazi na maharage marefu, sahani inayojaza tumbo, na mtu wa Mombasa hatakuwa na la kuuliza. Soko la Albert Cuyp, Jumatatu hadi Jumamosi, liko karibu na kituo cha metro De Pijp. Kwa ndizi za kupika, mihogo na unga, panda metro namba 53 mpaka Ganzenhoef au Kraaiennest, huko Zuidoost waliko Waghana wengi.

Nyumba ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa vita na kuandika shajara, sasa ni makumbusho, na tiketi zake huuzwa mtandaoni tu. Kila Jumanne zinaanza kuuzwa tiketi za kutembelea wiki sita baadaye, na huisha haraka. Van Gogh Museum, makumbusho ya mchoraji Van Gogh, nayo ni ya kuweka nafasi mapema.

Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 7: Siku ya kuondoka

Fika Schiphol ukiwa umebakiwa na muda wa saa tatu kabla ndege haijaruka. Kama umenunua vitu vya euro 50 au zaidi katika duka moja, na ukaomba fomu ya kurudishiwa kodi, pitia dawati la forodha kabla ya kukabidhi sanduku, vitu vikiwa ndani na risiti mkononi. Sanduku likishapita kwenye mkanda, hawana cha kukagua na fomu haigongwi.